Mtoto Ana Homa Tena: Je, Mkojo Wake Umeoteshwa?

Mwezi huu tuzungumze habari ya mkojo. Najua wengine mtaona haya kusoma jambo hili mbele ya wageni, lakini someni, maana nimeona watoto wengi wakiumia kwa sababu mama zao waliona haya kuuliza.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nikiwapima wazee presha, kama tunavyofanya pale kanisani kila mwisho wa mwezi. Mama mmoja kijana alinifuata, akasubiri pembeni hadi watu wakapungua. Kisha akanisalimia, akafungua mkoba wake, akatoa mfuko wa kitambaa na kuumimina mezani. Nilihesabu chupa na pakiti 9 za dawa. Kulikuwa na amoksilini ya maji iliyobaki nusu chupa, sukari imekaukia mdomoni. Kulikuwa na kotrimoksazoli, vidonge vichache vya siprofloksasini, azithromaisini iliyobaki kidonge kimoja, na vile vidonge vya rangi mbili ambavyo kila nyumba inavyo kabatini.

"Dada nesi," akasema, "hizi zote nimempa mwanangu tangu mwezi wa tatu. Homa inashuka, baada ya wiki mbili inarudi. Kwanza waliniambia ni malaria, halafu taifodi, halafu UTI, halafu UTI tena. Sasa ameanza kukojoa kitandani, na alikuwa ameshaacha. Juzi nilimchapa."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka 4. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake ameshika kitenge chake, macho chini.

Nikamwuliza, "Katika safari zote hizo, kuna aliyekuambia mkojo wa mtoto uoteshwe?" Akanitazama kama mtu niliyemwambia akapande mchicha.

Sikumlaumu. Kabla sijaendelea inanipasa niwaambie jambo ambalo hata baadhi ya wenzangu kazini hawalijui. Mwaka 2012 binti yangu wa pili alikuwa na umri kama wa huyo mtoto. Alipata homa usiku wa Ijumaa. Mimi nesi, mwenye cheti ukutani, nilifungua kabati, nikakuta rangi mbili zilizobaki baba yao alipoumwa jino. Nikafungua kidonge, nikamwaga unga kwenye kijiko, nikakisia nusu, nikachanganya na sukari. Nikampa na dawa ya homa. Kesho yake homa ilishuka, nami nikaisifu rangi mbili, kumbe iliyoshusha ni dawa ya homa. Siku ya tatu vidonge vikaisha. Siku ya sita mtoto alikuwa anatapika kila kitu na akilia ukimgusa ubavuni. Tulilazwa siku 8. Mkojo ulipooteshwa, ikaonekana bakteria waliokuwa ndani yake wala hawaijali ile dawa niliyokuwa nikimpa. Ilikuwa sawa na kuwapa maji. Siku zile zote nilizokaa nikijipongeza, wao walikuwa wanapanda kutoka kwenye kibofu kwenda kwenye figo.

Binti yangu alipona. Lakini picha ya altrasaundi tuliyopiga baadaye ilionyesha figo moja imebaki ndogo kuliko mwenzake, na hadi leo, naye amekuwa msichana mkubwa, anapimwa presha kila baada ya miezi 6. Kila nikimfunga kile kitambaa cha presha mkononi nakumbuka kile kijiko.

Basi, tuwaangalie hawa wadudu wenyewe.

Bakteria ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na si wote wabaya. Yule anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo anaitwa Escherichia coli, kwa kifupi E. coli. Jina la kwanza limetokana na daktari wa watoto, Theodor Escherich, aliyemtambua mwaka 1885 katika choo cha watoto wachanga. E. coli wengi wanaishi ndani ya utumbo wetu, mimi na wewe, bila kutudhuru. Utumbo ni kwao. Taabu inaanza wanapohamia nyumba isiyo yao, yaani kibofu cha mkojo. Kwa sisi wanawake na binti zetu safari hiyo ni fupi sana. Njia ya haja kubwa iko karibu na njia ya mkojo, na ile njia ya mkojo yenyewe ni fupi kuliko ya wanaume. Ndiyo maana, ukiacha miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, watoto wa kike huugua ugonjwa huu mara nyingi kuliko wa kiume.

Wakipata chakula na joto wanalolipenda, E. coli huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Piga hesabu: mtoto akilala saa 3 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, ni saa 8, yaani migawanyiko 24. Bakteria mmoja aliyelala naye angeweza kuamka zaidi ya milioni 16. Ndani ya mwili hawaongezeki kwa raha hivyo, kwa sababu kinga inapigana nao na kila haja ndogo inawafagia nje. Lakini sasa unaona kwa nini mtoto anayebana mkojo kutwa nzima, kwa sababu choo cha shule kinanuka au hakina mlango, anawapa nafasi.

Mtoto mkubwa atakuambia mkojo unachoma, au utamwona anakwenda chooni mara kwa mara na kutoa matone mawili. Mdogo hasemi. Wa mwaka mmoja anaweza kuwa na homa tu, bila mafua, bila kikohozi, bila kuhara; au anatapika, anakataa ziwa, analia hovyo. Na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena ghafla, tafadhali msimchape kabla ya kupima mkojo wake. Huyu wa mwembeni alikuwa anapigwa kwa kosa la bakteria.

Sasa maneno haya "kuotesha mkojo" yana maana gani? Hapa naomba niwasimulie kisa kimoja, kwa sababu katika masomo yetu ya maabara chuoni hiki ndicho sikukisahau, na kinamhusu mama wa nyumbani.

Miaka ya 1880 huko Berlin, Ujerumani, daktari Robert Koch na wenzake walikuwa wanahangaika kuotesha bakteria ili waweze kuwatofautisha. Ukiwaotesha ndani ya mchuzi wanachanganyika wote kama mchele na chuya. Walihitaji kitu kigumu, ili kila bakteria akae mahali pake na kuzaa ukoo wake peke yake. Koch alijaribu vipande vya viazi vilivyochemshwa. Akajaribu jelatini, ile inayogandisha jeli ya wageni. Lakini jelatini ina aibu mbili: kwenye joto la mwili inayeyuka, na wako bakteria wanaoila ikageuka maji. Kiangazi cha mwaka 1881 kilikuwa cha joto, na daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika maabara hiyo, Walther Hesse, alikuwa anaona kazi yake ikiyeyuka mbele yake.

Mkewe aliitwa Fanny Hesse. Alizaliwa New York mwaka 1850, na alikuwa akimsaidia mumewe, pamoja na kumchorea picha za hao bakteria kwa mkono. Siku moja mume akamwuliza: mbona jeli zako na vitindamlo vyako haviyeyuki na joto hili? Mama huyo akamjibu kwamba hatumii jelatini, anatumia agari, unga unaotokana na mwani wa baharini. Alijifunza tangu ujana wake kwa jirani Mholanzi aliyewahi kuishi Java, ambako watu waliitumia siku nyingi katika mapishi yao. Agari huyeyuka maji yakikaribia kuchemka, lakini ikishaganda haiyeyuki tena kwa joto la mwili, na bakteria walio wengi hawawezi kuila. Mumewe akamwandikia Koch. Mwaka 1882 Koch alipoutangazia ulimwengu kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu, aliitaja agari. Jina la mama aliyeitoa jikoni kwake hakulitaja, na familia ile haikupata hata senti moja kwa wazo hilo. Lile kasha la kioo lenye kifuniko linalowekewa agari lilibuniwa mwaka 1887 na Julius Richard Petri, naye likabeba jina lake hadi leo: sahani ya Petri. Basi, akina mama, mtajijazia wenyewe.

(Wasomaji wa Zanzibar msikimbilie kuandika barua. Mwani wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine. Unatoa karajini, ile inayotumika kuzitia uzito dawa za meno na vyakula. Agari hutoka kwenye jamii nyingine za mwani.)

Karne nzima na zaidi imepita, na mkojo wa mwanao ukifika maabara ya bakteria bado unakutana na jeli ile ile ya Bibi Hesse, iliyochanganywa na chakula wanachokipenda bakteria. Mtaalamu wa maabara anachovya kitanzi chembamba ambacho, kwa kawaida, kinachota mikrolita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Anakipitisha juu ya agari, anafunika, anaiweka sahani kwenye kasha lenye joto kama la mwili, kisha anakwenda kulala. Kesho yake kila bakteria mmoja aliyekuwa hai amezaa kishada kinachoonekana kwa macho, kama punje ndogo ya ulezi. Kwenye agari iitwayo MacConkey, vishada vya E. coli hutoka na rangi ya waridi. Anavihesabu. Vikiwa 100 vya aina moja, maana yake kila mililita ya mkojo ule ilikuwa na bakteria 100,000, na kiwango hicho kwa muda mrefu ndicho kimekuwa alama ya kusema hapa pana ugonjwa kweli. Vikiota vichache vya aina tatu nne tofauti, mara nyingi ni uchafu wa ngozi ulioingia wakati wa kukinga.

Siku ya pili anafanya kazi iliyo muhimu kuliko zote. Anachukua kishada kimoja, anawatandaza bakteria hao kwenye sahani mpya, kisha anapanga juu yake viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Anafunika, anasubiri usiku mwingine. Asubuhi, kuzunguka karatasi ya dawa inayowaweza, anakuta pameng'aa, hakuna kilichoota, kama uwanja uliofyekwa kuzunguka nyumba. Anapima upana wa uwanja huo kwa rula, kwa milimita. Kuzunguka dawa isiyowaweza, bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, wanaigusa bila woga. Cheti cha majibu kitaandika majina ya dawa, na mbele ya kila moja herufi. S maana yake dawa hiyo inawaua kwa dozi ya kawaida. R maana yake wamekuwa sugu, usihangaike nayo. I ni ya katikati, mwachie daktari.

Kwa hiyo majibu huchukua siku 2 hadi 3, na akina mama wengi hapo ndipo wanapokata tamaa na kwenda duka la dawa. Nawaelewa. Lakini hakuna anayeweza kuwaharakisha bakteria kuota. Tena kusubiri majibu si kukaa bila dawa. Mtoto mwenye hali mbaya daktari atamwanzishia matibabu siku ile ile, ila baada ya mkojo kukingwa, halafu atabadilisha dawa majibu yakija kama hazikupatana. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa, mtoto anayetapika kila anachopewa, aliyelegea, aliyepata degedege, au anayelia akiguswa ubavuni au mgongoni, huyo hasubiri kesho. Ni hospitali usiku ule ule.

Mkikumbuka jambo moja kutoka ukurasa huu, liwe hili: mkojo ukingwe kabla ya dozi ya kwanza. Dozi moja tu ya antibaotiki inaweza kufanya bakteria wasiote maabara ingawa bado wamo mwilini, na cheti kikarudi kimeandikwa hakuna kitu. Kama umekwisha kumpa, usifiche. Mwambie daktari ni dawa gani, saa ngapi, kiasi gani. Hatutakufokea, na akitokea wa kukufokea, jibu hivyo hivyo.

Namna ya kukinga nayo ina utaratibu wake. Mnawe mikono wewe na mtoto. Msafishe sehemu za siri kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, mkaushe. Pokea chupa ya maabara yenyewe, usitumie kichupa cha dawa ya kikohozi ulichokisuuza nyumbani. Kifuniko kikae mkononi, usikiweke chini wala kugusa ndani yake. Mwache mtoto aanze kukojoa kidogo, mkojo wa mwanzo upotee, ndipo ukinge wa katikati. Kwa mtoto wa kike ni vizuri akae ametanua miguu vizuri, wengine humkalisha juu ya choo akiangalia ukutani. Chupa ifike maabara ndani ya saa 2. Ikishindikana, ikae kwenye friji, si kwenye mlango wa gari juani, maana humo bakteria wachache wataongezeka njiani na kumsingizia mtoto ugonjwa.

Kwa mtoto mchanga ni mtihani, nakiri. Vile vifuko vinavyobandikwa sehemu za siri vinashika uchafu wa ngozi, na majibu yake ya kuotesha hayaaminiki. Afadhali kukaa naye mapajani na chupa tayari. Liko jambo dogo lililojaribiwa Australia na kuchapishwa mwaka 2017: baada ya kumsafisha, chukua gozi iliyolowekwa maji baridi, msugue taratibu kwa mzunguko chini ya kitovu. Katika watoto wa mwezi 1 hadi 12 waliofanyiwa hivyo, karibu 3 kati ya 10 walikojoa ndani ya dakika 5. Kwa waliosubiriwa tu alikuwa kama 1 kati ya 10. Si muujiza, lakini mgongo wako utashukuru.

Kuna kipimo cha haraka cha kijiti kinachobadilika rangi, ambacho zahanati nyingi wanacho. Kinasaidia kuonyesha dalili, nami nakitumia. Ila hakikuambii ni dawa gani itawaua. Na kile kipimo cha taifodi cha tone la damu, alichokianzisha Widal mwaka 1896, kinaangalia kinga ya mwili tu na mara nyingi kinadanganya, hasa huku kwetu. Watoto wangapi wametibiwa "taifodi" kwa kipimo hicho huku ugonjwa uko kwenye mkojo! Nitayanyamazia mengine, wino usije ukaniishia.

Turudi kwenye ule mfuko wa dawa 9. Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Katika hotuba yake alitoa mfano wa bwana mmoja mwenye maumivu ya koo. Bwana huyo ananunua penisilini mwenyewe, anakunywa kidogo, kiasi kisichotosha kuwaua bakteria bali cha kuwafundisha kuizoea. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Angalieni mfano ulivyokaa: aliyekosea dozi ni mume, aliyezikwa ni mke. Ulikuwa mfano tu, wa kuwatahadharisha watu, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa, na eneo lililobeba mzigo mzito kuliko yote ni Afrika Magharibi.

Watu huniuliza, je, ni lazima kumaliza dozi yote hata nikijisikia nafuu? Nawajibu kwa uaminifu: kwa baadhi ya magonjwa utafiti umeonyesha siku chache zinatosha, na madaktari wamefupisha dozi nyingi tulizokuwa tukizitoa zamani. Lakini anayefupisha ni yeye aliyepima, si mimi ninayeangalia chupa jikoni. Aliyekuandikia siku 7 mpe siku 7. Kinachobaki kisirudi kabatini kumsubiri mdogo wake. Na ile dawa ya unga ukishaichanganya na maji inakaa wiki moja au mbili tu, kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Baada ya hapo unampa mtoto sukari yenye rangi.

Neno moja kwa wajawazito. Mama mwenye mimba anaweza kuwa na bakteria wengi kwenye mkojo asisikie maumivu yoyote, na wakiachwa wanaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 lilipendekeza mkojo wa wajawazito uoteshwe pale inapowezekana. Ukienda kliniki, uliza. Kama hawana huduma hiyo uliza ni hospitali gani ya karibu inayo, maana si kila maabara inaotesha.

Nyumbani, wafundisheni mabinti kutawaza kutoka mbele kwenda nyuma tangu wakiwa wadogo, na wafundisheni pia dada wa kazi na bibi wanaowasaidia kuwaogesha. Sabuni zenye manukato na dawa za kusafishia ndani achaneni nazo. Maji ya kunywa yawe ya kutosha. Na choo kigumu kitibiwe, kwa sababu utumbo uliojaa unakikandamiza kibofu kisitoe mkojo wote. Mapapai, mboga na maharage yapo, hatuna kisingizio. Kama binti yako anarudi shule mchana anakimbilia chooni kabla ya kuvua viatu, nenda kakione choo cha shule kwa macho yako.

Yule mama wa mwembeni alikubali kumpumzisha mtoto dawa zote, maana siku hiyo hakuwa na homa, na tukakubaliana ikipanda tu asikimbilie dukani. Ilipanda Alhamisi. Alinipigia simu saa 12 asubuhi, nikakutana naye hospitalini, tukakinga pamoja. Mtoto alicheka mpaka akamwaga kidogo kwenye kiatu changu. Jioni alianza dawa. Jumamosi majibu yalitoka: E. coli, zaidi ya 100,000. Katika zile dawa 5 za bakteria zilizokuwa kwenye mfuko, 3 mbele yake palikuwa na R. Daktari alibadilisha dawa siku ile ile, kwa siku zilizohesabiwa, akaagiza na altrasaundi. Figo zake zote mbili ni nzima.

Mfuko nao tuliupeleka kwa mfamasia wa hospitali ziteketezwe. Nilimkatalia mama kuzimwaga chooni kwake, ingawa alikuwa ameshaanza kuzifungua. Wiki iliyofuata aliniambia kuwa mtoto ameamka kitanda kikavu siku 5 mfululizo, na kwamba amemwomba mwanawe msamaha kwa zile fimbo. Mtoto akamwuliza kama sasa anaweza kurudishiwa godoro lake la zamani.